Kadi Nyuma ya Mlango

Nyumba ya Mzee Emilian pale Isevya, mjini Tabora, ina watu watano, na kila mmoja ana akili za kutosha kuwasumbua wanne waliobaki. Hilo ndilo lililowaponza. Kungekuwa na mjinga walau mmoja humo ndani, pengine wangepumzika.

Jumapili lilipotolewa tangazo la pili la ndoa ya Eustadia, binti mkubwa wa nyumba hiyo, mdogo wake Dafrosa hakurudi nyumbani na wenzake baada ya misa ya kwanza. Aliwaambia ana shida na Padre. Wazazi wakadhani anakwenda kuungama, wakafurahi. Kumbe mtoto alizunguka nyuma ya kanisa mpaka ofisi ya paroko, akakaa kwenye benchi nyuma ya bibi mmoja aliyekuja kuomba misa ya marehemu wake, simu ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Dafrosa ana miaka kumi na saba. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na katika kusubiri huko hana kazi isipokuwa kusahihisha watu. Si mtoto mbaya. Anaosha vyombo bila kusukumwa, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na anampenda dada yake kuliko kitu chochote. Shida yake ni kwamba kwake mambo yako mafungu mawili tu, ya kweli na ya uongo, na yeye anajua kila jambo liko fungu gani.

"Padre, umetangaza kwamba anayejua kizuizi cha ndoa atoe taarifa kwa Paroko," alisema alipoingia, kabla hata hajakaa. "Na katekista alitufundisha kwamba anayejua akanyamaza anatenda dhambi. Mimi najua."

Paroko alivua miwani. "Unajua nini?"

"Huyo Xavery anayemwoa dada ana mke na watoto wawili huko Ulyankulu."

Akampa simu. Kwenye picha kulikuwa na kadi ya zaka, ile inayotolewa na jumuiya kwa kila familia. Juu paliandikwa jina la mkuu wa familia: Xavery Ndayiragije. Chini yake, kwenye mistari ya wanafamilia, Demetria, Irakoze, Yohana. Chini zaidi miezi imefuatana, kila mwezi na sahihi ya katibu.

"Hii umeipata wapi?"

"Nimeipiga mwenyewe. Desemba tulikwenda Ulyankulu na kwaya, tukagawanywa kwenye nyumba za waumini. Mimi nililala siku tatu kwa huyo Demetria. Kadi imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimekaa nayo mpaka matangazo yalipoanza kusomwa."

"Una uhakika, binti?"

"Asilimia mia, Padre. Imeandikwa."

Paroko alikuwa ameishi miaka ya kutosha kujua kwamba kadi za zaka huandikwa na watu, na kwamba watu wana haraka zao. Lakini neno la namna hiyo likishaletwa ofisini haliwezi kurudishwa mfukoni. Akampa karatasi aandike maelezo. Dafrosa akajaza ukurasa mzima bila kufuta hata neno moja, akatia sahihi aliyokuwa akiifanyia mazoezi kwenye madaftari tangu kidato cha pili.

"Tangazo la tatu nitalisimamisha mpaka nifanye uchunguzi," alisema Paroko.

Dafrosa alirudi nyumbani moyo wake mweupe. Alijiona amemwokoa dada yake.

*

Simu ya Paroko ilimkuta Mzee Emilian anakula. Alisikiliza, akasema "Ndiyo, Padre" mara nne, akanawa mikono na nusu ya wali bado iko kwenye sahani. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili. Jumatano inayofuata ni Majivu, na Kwaresima ikishaingia hakuna kufunga ndoa mpaka baada ya Pasaka. Ukumbi umeshawekewa nafasi, ng'ombe wa karamu ameshanunuliwa huko Ziba, na Mzee Emilian mwenyewe ameshaezeka mabati mapya kwa mahari ya Xavery.

"Umekwenda kwa Padre kumsema shemeji yako?" mkewe, Mama Advera, aliuliza, mwiko mkononi. "Kwa nini hukuja kwangu? Kwani mimi nimekufa?"

"Tangazo linasema kwa Paroko, mama. Halikusema kwa mama."

"Mungu wangu, nishike."

Mzee Emilian akajaribu njia ya upole. "Hebu nieleze vizuri. Nani alikupeleka kwa huyo mwanamke?"

"Shemeji Xavery. Aliniambia nitafikia kwa mjane wa marehemu kaka yake."

"Sasa mtu ana mke wa siri, amchukue mdogo wa mchumba wake, tena mwenye mdomo kama wako, akamlaze kwa huyo mke wa siri?"

"Huo ndio ujanja wenyewe, baba. Ili tusimshuku."

Mzee Emilian alishika kichwa. Hakuna kazi inayochosha kama kubishana na mtu ambaye kila ushahidi wa kumkanusha anaugeuza kuwa wake.

Sylvester, kaka yao, alikuwepo pia. Yeye ana miaka ishirini na moja, yuko mwaka wa pili chuoni, na alikuwa amekuja mwisho wa wiki kula na kufuliwa nguo. "Tatizo lenu mnatafuta ukweli mmoja," alisema huku anaongeza maharage. "Inategemea unaangalia kutoka wapi. Kwa mtazamo wa Dafrosa, yule ni mke. Kwa mtazamo wa Xavery, si mke. Kila mtu ana ukweli wake."

"Na wewe ukweli wako ni upi?" mama aliuliza.

"Mimi siwezi kumhukumu mtu."

"Basi weka hiyo sahani chini. Usomi wa kutojua kitu hata sisi tunao, tena hatukuulipia ada."

Alimfokea mwanawe kwa sababu ya hofu iliyokuwa inamla mwenyewe. Mjane kurithiwa na shemeji ni jambo alilolijua. Shangazi yake huko Choma alirithiwa hivyo hivyo, kimya kimya, na kanisani akaendelea kuitwa mjane mpaka tumbo liliposema. Kwa hiyo aliposema mtoto amekosea, nusu ya moyo wake ilikuwa inauliza kama kweli amekosea.

Eustadia alizisikiliza kelele zote hizo. Ana miaka ishirini na nane, anauza kwenye duka la dawa, na watu wa mtaani humwendea kwa ushauri kwa vile hana papara. Aliomba simu ya mdogo wake, akaikuza picha mpaka jina la Xavery likajaa kioo kizima, akaingia chumbani. Huko akamwandikia mchumba wake maneno matano: "Nimejua kila kitu. Usinipigie tena."

*

Xavery alikuja Jumatatu jioni, bado na buti za kazini. Ni fundi wa sola. Siku nyingi yuko vijijini juu ya mapaa ya watu. Alikaribishwa mara mbili kabla ya kuvuka kizingiti, na alipokaa alikaa ukingoni mwa kiti, kama mgeni asiyejua atapewa maji au atafukuzwa. Wiki iliyopita tu katika nyumba hiyo hiyo alikuwa anajifungulia sufuria mwenyewe.

"Baba, mama, nitaeleza mara moja," alisema. "Kaka yangu Nsengiyumva alikufa mwaka juzi. Mti ulimwangukia wakikata kuni za kukaushia tumbaku. Kadi yake ya zaka ilikuwa nyuma mwaka mzima. Jumuiya wakasema bila kadi kukamilika, misa ya mazishi hakuna. Maiti iko ndani, watu wanasoma kadi. Nikalipa mimi. Baadaye nikaona jambo lile lisije likamkuta tena yule mjane na watoto, nikawa nalipa kila mwezi. Katibu akasema anayelipa ndiye anayeandikwa juu. Akaniandika juu."

"Sasa si ungetuambia?" alisema Mama Advera.

"Niwaambie nini, mama? Kwamba namlipia shemeji yangu zaka? Hilo nalo ni la kujitangaza?"

Eustadia alitoka chumbani, macho yamevimba. "Ungeniambia mimi."

Xavery akatoa simu mfukoni, akasoma taratibu. "'Nimejua kila kitu.' Ulijua nini, Eusta?"

"Niliona picha."

"Dafrosa ana miaka kumi na saba. Wewe una ishirini na nane."

Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angeipandisha. Aliwaaga wazee kwa heshima zote, akasema Ulyankulu si mbali na nauli yake haizidi kilo ya nyama, akaondoka. Eustadia alibaki amesimama pale sebuleni. Kisha, kama wafanyavyo watu walioumbuliwa, akatafuta wa kumlaumu, akampata mdogo wake.

"Umeridhika sasa?"

"Lakini dada, na yeye anaweza kuwa anadanganya! Maneno tu ameleta. Mimi nina picha."

"Dafrosa, nitakupiga."

*

Jumanne asubuhi alikuja Mama Majidi, jirani wa ukuta mmoja na mwenyekiti wa kamati ya akina mama wa harusi. Alikuja na mita arobaini za kitenge begani.

"Hodi, mama harusi! Fundi anauliza, sare akate au asikate? Maana kitenge kikishakatwa hakirudi dukani."

Mama Advera alikuwa anachambua mchele. Alijua kwamba Mama Majidi anajua. Msikitini na kanisani kunaweza kutengana, lakini kisima cha habari cha Isevya ni kimoja. Alijua pia kwamba jirani yake amechagua kuuliza habari za kitenge ili asiulize habari nyingine. Heshima hiyo ilimuuma kuliko kusengenywa.

"Mwambie akate," alisema.

"Nikamwambie akate?"

"Akate, Mama Majidi. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, shoga. Hakuna kitu." Akaondoka na kitenge chake, naye Mama Advera akagundua kwamba mchele aliokwisha kuuchambua ameurudisha kwenye ungo wenye mawe.

Jioni hiyo aliamua. Padre ametaka mjane mwenyewe aje atoe kauli, au ndoa isubiri. Basi Mzee Emilian atakwenda Ulyankulu kumwomba, na Dafrosa atakwenda naye.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye unayejua. Nenda ukamwonyeshe baba yako unachokijua."

Eustadia walimwambia aende pia. Akasema hawezi kumtazama yule mwanamke usoni. Mtu mzima, wa kupima dozi za watoto wa watu, akashindwa kupanda gari kwenda kupima neno lake mwenyewe.

*

Huko Ulyankulu walianzia kwa katibu wa jumuiya, Mzee Damas, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipoelezwa shida alicheka mpaka akakohoa.

"Kadi zilikuwa zimebaki tatu, familia saba. Nikaunganisha watu, anayelipa nikamwandika juu. Ningefanyaje? Kwenye daftari la maji hapa kijijini, mimi na mama mmoja mnene tumeandikwa mstari mmoja kwa sababu karatasi iliisha. Na sisi mje mtufungishe ndoa?"

Mzee Emilian alicheka. Dafrosa hakucheka, aliona mzee anafanyia utani jambo la sakramenti.

Demetria walimkuta anapalilia mahindi yaliyomfikia kifuani. Kabla hajawaona, mtoto wake Irakoze alishawaona. Alikuja mbio kwenye tope akipiga kelele, "Dada Dafrosa! Dada Dafrosa!" akamkumbatia miguu, akataka kujua kama amekuja na ule wimbo wa makofi. Mama yake akanawa, akaleta vigoda viwili, akaweka karanga za kuchemsha.

"Shikamoo, baba. Karibuni. Dafrosa, mbona umekonda? Matokeo yametoka?"

Mzee Emilian alisifia mahindi. Akauliza bei ya mbolea. Akauliza mvua zilianza lini, akajibiwa, akauliza tena. Alikuwa amekaa mabaraza ya ukoo miaka thelathini, amepatanisha watu waliokatana mapanga, na sasa swali moja linamshinda. Mwishowe akafanya jambo ambalo alilionea aibu siku nyingi baadaye. "Binti yangu huyu ana neno," alisema, akageukia karanga.

Dafrosa akamgeukia mwenyeji. "Dada Demetria, wewe ni mke wa shemeji Xavery?"

Jembe lilikuwa magotini mwa Demetria. Akaliegemeza ukutani polepole.

"Nani kasema?"

"Kadi. Ile ya nyuma ya mlango. Niliipiga picha. Nikampelekea Padre."

"Irakoze," alisema Demetria, "nenda kamwangalie mdogo wako." Akasubiri mpaka mtoto akapotea. "Ulilala kwenye kitanda changu. Mimi na watoto tukalala chini. Siku tatu umekula hapa, umecheka hapa, nimekusuka nywele hapo ulipokaa. Ukaiona kadi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona nimeshajua."

"Na sasa nikikujibu kwamba mimi si mke wake, utajuaje kama nasema kweli?"

Dafrosa alitafuta jibu kichwani, mahali ambapo siku zote huwa kuna majibu, akakuta hakuna kitu. Machozi yakaanza kumtoka, na yalimkera, kwa sababu hata yeye aliona kwamba machozi si jibu.

Demetria akamgeukia mzee. "Padre anataka nije?"

"Jumamosi asubuhi, mama. Kama itawezekana."

"Baba, unaelewa mnachoniomba? Nipande gari, niwaache watoto kwa majirani, niingie ofisini kwa padre nisiyemjua, niape kwa Mungu kwamba silali na shemeji yangu."

Mzee Emilian alitazama viatu vyake vilivyojaa tope.

"Nitakuja," alisema Demetria. "Xavery alichimba kaburi la mume wangu kwa mikono yake. Harusi yake haitakufa kwa sababu yangu. Karanga hizo malizeni."

*

Njiani kurudi barabarani Dafrosa alilia mpaka akachoka, kisha akasema, "Basi, baba, Sylvester yuko sahihi. Hakuna mtu anayeweza kujua kitu chochote. Kadi inaweza kukosea, mtu anaweza kudanganya, hata macho yangu. Sitasema tena lolote kuhusu mtu yeyote."

Mzee Emilian alisimama katikati ya njia. Tangu Jumapili alikuwa amejizuia.

"Juzi ulijua vyote, leo hujui lolote. Hapo katikati hakuna hata kituo kimoja gari likasimama? Unadhani mimi ninapokaa barazani kuamua shauri la mipaka, nina uhakika? Sina! Nasikiliza huyu, nasikiliza yule, natembea nikauone mti wenyewe, kisha nasema. Na mara mbili nimekosea, na watu wale nikikutana nao nainamisha uso. Lakini nisiposema, watauana. Sasa usiniletee habari za kutojua. Padre atakuuliza Jumamosi, harusi ya dada yako iko mkononi mwako, na wewe unataka kwenda kumwambia hakuna ajuaye?"

Baada ya kusema hayo akakumbuka ni nani aliyemwachia mtoto aulize swali muda mfupi uliopita, akageuka akaendelea na njia.

Walikwenda hatua kama ishirini. Kisha Dafrosa akasimama naye.

"Baba, kadi iliandikwa lini?"

"Sijui. Mbele yetu kuna basi la saa nane."

"Kaka yake alikufa mwaka juzi. Kama kadi iliandikwa kabla ya hapo, ni jambo jingine. Sikuitazama tarehe, na kwenye picha haimo. Turudi kwa Mzee Damas."

"Dafrosa, basi!"

Alishageuka. Mzee Damas akafungua daftari lake, na kadi ilikuwa imeandikwa miezi miwili baada ya mazishi. Dafrosa akaandika tarehe zote mbili. Akauliza Xavery akija hulala wapi. Mzee akasema hapa kwangu, kwenye kitanda hicho. Akaenda kwa jirani wa upande wa pili wa Demetria, mama aliyekuwa anatwanga kisamvu, akamuuliza pia, safari hii kwa kuanza na shikamoo na pole ya kazi.

"Xavery? Husimama uani," alisema yule mama. "Huwapa watoto sukari, huwatazama madaftari, huondoka. Ndani sijamwona akiingia. Ila mimi nami nalala, mwanangu, sikeshi nikilinda nyumba ya mwenzangu."

Dafrosa akaandika yote, hata hilo la mwisho. Basi la saa nane likawaacha. Walirudi Tabora nyuma ya lori la mbao, na Mzee Emilian hakumsemesha mpaka Isevya.

*

Jumamosi ofisi ya paroko haikutosha. Wazee wawili, Eustadia, Xavery aliyesimama mlangoni, Dafrosa, na Demetria aliyekuwa ametoka kwake alfajiri, amevaa kitenge chake cha Pasaka na kushika ile kadi kwenye mfuko wa nailoni. Aliweka mkono juu ya Biblia, akaapa maneno aliyopewa, neno kwa neno, akiangalia dirisha. Eustadia aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

Paroko akamgeukia Dafrosa. "Ulisema una uhakika asilimia mia. Leo unasemaje?"

Dafrosa alifungua daftari.

"Padre, kadi imeandikwa vile vile nilivyosema, hilo halijabadilika. Lakini iliandikwa miezi miwili baada ya mazishi, na katibu amekiri kwamba alimwandika mlipaji juu kwa sababu kadi zilikuwa chache. Nililala pale siku tatu, sikuona shati wala kiatu cha mwanamume. Hilo nililiona tangu siku ile, nikalidharau. Jirani anasema shemeji haingii ndani, ila naye amesema hakeshi akiangalia. Na dada Demetria ameapa. Kwa uzito wa hayo yote, naamini shemeji hana mke. Maelezo yangu ya kwanza nayafuta."

"Kwa hiyo sasa una uhakika?"

"Wa asilimia mia sina, Padre. Lakini nikiyaweka yote pamoja sioni sababu ya kusema vingine. Na kama nimekosea, kosa ni langu, si la kadi."

"Jamani mtoto huyu!" Mama Advera alishindwa kuvumilia. "Si useme tu hana mke, watu wakashone nguo?"

"Mwache, mama," alisema Paroko, akikuna kichwa. "Angeniletea ukurasa huu Jumapili, wote tungelala usingizi wiki nzima." Akamsukumia karatasi. Dafrosa alisoma alichokiandika mara mbili, akafuta neno, akalirudisha, ndipo akatia sahihi.

Kisha Paroko akamuuliza Xavery kama bado anataka ndoa hii. Mama Advera alianza kusali rozari kimoyomoyo.

"Nataka, Padre. Lakini na yeye aulizwe."

Eustadia hakungoja kuulizwa. Alipiga magoti mbele ya Demetria, hapo hapo kwenye saruji, akasema, "Shemeji, nilipaswa kuja mimi. Nilijificha." Halafu akamgeukia Xavery. "Nakuamini. Nimechelewa, lakini nakuamini."

"Inuka, utachafua nguo," alisema Demetria.

Likabaki jambo la kadi. Paroko aliitoa kwenye mfuko, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya Demetria, juu ya Irakoze, juu ya Yohana. "Familia mbili haziwezi kukaa kadi moja," alisema kwa upole. "Ukirudi, mwombe katibu wenu akuandikie yako."

"Na miezi iliyolipwa?"

"Hiyo imelipwa kwa jina la Xavery, mama. Yako itaanza upya."

"Nitaendelea kukulipia, shemeji," alisema Xavery kutoka mlangoni.

"Hapana," alisema Demetria. "Watu wameshasema. Kuanzia sasa nitalipa mwenyewe."

Tangazo la tatu lingesomwa kesho yake, sare zingeshonwa, ng'ombe wa Ziba angefika. Kila mmoja mle ndani alipata alichokuja kukitafuta, isipokuwa aliyetoka mbali zaidi.

*

Dafrosa ndiye aliyemsindikiza stendi. Aliomba mwenyewe. Alibeba mkoba wa Demetria na mkate walionunua kwa ajili ya watoto, na njia nzima alikuwa anapanga maneno, anayakataa, anapanga mengine. Gari lilipokaribia kujaa akayaacha yote.

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," alisema Demetria. Alichukua mkoba, akachukua mkate, akakaa dirishani. Kisha akashusha kioo. "Lakini mkija tena na kwaya, mwambie mwalimu wenu akutafutie nyumba nyingine. Irakoze atakuulizia. Nitatafuta la kumwambia."

Dafrosa alifungua kinywa. Alikuwa na hoja, tena nzuri, ya katekisimu kabisa, kwamba msamaha wa kweli haubakizi kitu. Akaifuata hoja hiyo kichwani mpaka mwisho wake, akaona inapofikia: kumsahihisha mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea.

"Sawa, dada," alisema, na gari likaondoka.